Vijiwe Saba na Kisimamo cha Dua: Tathmini ya Huduma ya Jamarati, Mina

Tathmini hii inahusu sehemu moja tu ya huduma tuliyopewa katika Hija ya mwaka 1446 Hijria, iliyofanyika Juni 2025, nayo ni namna taasisi iliyotusafirisha ilivyotuongoza katika kurusha vijiwe Jamarati, yaani sehemu tatu za Mina, karibu na Makka, ambako mahujaji hurusha kokoto (kila moja huitwa Jamra), tangu mafunzo ya Makka hadi siku tulipoondoka Mina. Nimeichagua sehemu hii kwa makusudi. Hoteli, mabasi na chakula huelezwa na kila anayerudi, na taasisi nyingi siku hizi zinajitahidi katika hayo. Lakini haji akiulizwa alifanya nini mbele ya ukuta wa Jamra na kwa nini alikifanya, jibu lake ndilo linaloonyesha kama alihudumiwa au alisafirishwa tu. Jina la taasisi sitalitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimeziona pia katika makundi mengine tuliyokuwa tukipishana nayo njiani.

Nianze na lililo jema, nalo ni mafunzo. Siku tatu kabla ya Tarwiya, yaani kabla ya mwezi 8 Mfunguo Tatu, sheikh wa kundi alitukusanya baada ya sala ya Isha katika ukumbi wa hoteli, akiwa na ndoo ya plastiki na kokoto alizozifunga katika leso. Kabla ya kutuonyesha namna ya kurusha alituuliza tunamrushia nani, na karibu ukumbi mzima ukajibu kwa sauti moja kwamba tunampiga shetani. Hakutukaripia. Alitusimulia yaliyopokewa kutoka kwa sahaba Ibn Abbas, kwamba Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake, alipokwenda kutekeleza ibada zake shetani alimtokea penye Jamratul-Aqaba, iliyo Jamra kubwa, akamrushia vijiwe saba mpaka akadidimia ardhini. Akamtokea tena penye Jamra ya pili, kisha ya tatu, na kila mara alimrushia saba. Halafu akatutaka tuwe waangalifu na jambo ambalo wengi hulichanganya: kisa cha ndoto ya kuchinja kimo katika Suratu As-Saffat, lakini ndani ya aya zile shetani hatajwi wala vijiwe havitajwi. Masimulizi yanayounganisha visa hivyo viwili yameenea sana, nayo yana mafunzo, ila haji anapaswa kujua lipi limo ndani ya Qur'ani na lipi limekuja kwa njia nyingine.

Baada ya hapo alitoa hadithi ambayo kwangu mimi ndiyo iliyobeba uzito wa usiku ule. Bibi Aisha, Mungu amridhie, amepokea kwamba kuzunguka Al-Kaaba, kwenda baina ya Safa na Marwa na kurusha vijiwe vimewekwa ili kusimamisha utajo wa Mwenyezi Mungu. Ukiitafakari kauli hiyo utaona kwamba kijiwe ndicho kinachofuata takbira. Haji hutamka "Allahu Akbar" mara saba, na kila tamko lina kitendo kidogo cha mkono kinachoandamana nalo, mfano wa tasbihi inayohesabiwa kwa vidole. Shetani hakufungwa katika ukuta ule, na wala hapungukiwi na kitu kwa jiwe la kokoto. Kinachomuumiza ni mja kumtii Mola wake katika jambo ambalo akili yake haioni faida yake ya karibu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, alilieleza hili vizuri alipoonya kwamba haji akipitiwa na wazo kuwa shetani alimtokea Ibrahim lakini yeye hamtokei, basi ajue kwamba wazo hilo lenyewe limetoka kwa shetani, na dawa yake ni kurusha kwa nia ya utiifu mtupu.

Sheikh aliporudi kwenye ndoo yake, mambo ya fikihi yalituingia kwa urahisi kwa sababu maana ilikuwa imekwisha kutangulia. Alitutaka turushe mmoja mmoja, na aliyerusha fungu la vijiwe saba kwa mpigo alimwambia kwamba amehesabiwa kimoja, vimebaki sita. Aliyeweka kijiwe ndani ya ndoo kwa kukiachia tu alimrudisha, kwa kuwa kinachotakiwa ni kurusha. Alifafanua kwamba sharti ni kijiwe kuanguka ndani ya hodhi, yaani birika linalouzunguka ukuta, na kwamba kugonga ukuta si sharti. Kwa hiyo hakuna haja ya mtu kujipenyeza hadi ukingoni akiwaumiza wenzake. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa safu ya mbele aliuliza kama kijiwe chake kikifika hodhini bila nguvu kitakubaliwa. Sheikh alimjibu, "Mama yangu, hapa hatupimani nguvu. Sema takbira yako, kirushe, kikiangukia ndani umemaliza." Yule mama alicheka kwa faraja, na nadhani ukumbi mzima ulipumua pamoja naye.

Muzdalifa, kituo kilicho baina ya Arafa na Mina, taasisi ilifanya jambo lililokusudiwa kutusaidia, na kwa upande wangu naliona halikuwa na lazima. Tulipofika kutoka Arafa, tukajumuisha Magharibi na Isha, kila mmoja alikabidhiwa kimfuko cha kitambaa chenye vijiwe 70 vilivyokwisha kuhesabiwa. Kisheria hakuna tatizo, kwa kuwa vijiwe huweza kuokotwa popote ndani ya eneo la Haram, na mtu akiokotewa na mwingine inafaa. Hata Mtume, rehema na amani zimfikie, alimwagiza Ibn Abbas asubuhi ya siku ya Aqaba amwokotee, naye akamletea vijiwe vidogo vya kiasi cha kufyatuliwa kwa ncha za vidole. Mtume aliviweka mkononi na kusema kwamba mfano wa hivi ndivyo virushwe, kisha akawaonya watu wajiepushe na kupindukia mipaka katika dini, kwani ndiko kulikowaangamiza waliotangulia. Onyo zito kiasi hicho lilitolewa juu ya ukubwa wa kokoto. Nilikitoa kimoja katika kimfuko nikakiweka kiganjani chini ya mwanga wa taa: kilikuwa cha rangi ya kijivu, chenye pembe upande mmoja, kikubwa kidogo kuliko punje ya dengu. Mtu anayeelewa hadithi ile hawezi tena kutafuta jiwe la kujaza ngumi.

Hata hivyo nilikirudisha kimfuko nikaenda kuokota vyangu saba mwenyewe, nikiinama katika mchanga ule baridi wa alfajiri pamoja na watu nisiowajua, kila mmoja akichagua na kuacha. Vya siku zilizofuata niliviokota Mina. Dhana kwamba lazima vijiwe vyote vikusanywe Muzdalifa, na kwamba lazima vioshwe, haina msingi imara, na ni vyema viongozi wa makundi wakaliweka wazi hilo ili wazee wasihangaike usiku kucha. Kwa anayejiweza, dakika kumi za kuinama na kuokota ni sehemu ya maandalizi ya moyo, na ningependa taasisi iwaache watu wachague badala ya kugawa vimfuko kana kwamba ni vifaa vya safari.

Mwezi 10 Mfunguo Tatu tulikwenda Jamratul-Aqaba kwa miguu, na hapa ni haki kulisifu Daraja la Jamarati lenyewe. Daraja la sasa lilijengwa baada ya msiba wa Januari 2006, ambapo zaidi ya mahujaji 340 walifariki katika msongamano kwenye njia ya kuingilia daraja la zamani. Lina urefu wa mita 950, upana wa mita 80 na ghorofa tano, na limesanifiwa kupitisha watu 300,000 kwa saa. Nguzo tatu za zamani, ambazo watu walikuwa wakizizunguka na kugongana pande zote, zilibadilishwa mwaka 2004 kuwa kuta ndefu zenye umbo la yai, kila moja ikiwa na urefu wa mita 26 hivi. Mtu huingia upande mmoja na kutokea mwingine, hakuna kurudi nyuma. Vijiwe hudondokea chini ya daraja na kukusanywa kwa mitambo, hivyo hodhi halijai. Waliohiji zamani husimulia kwamba walikwenda Aqaba wakiwa wamekwisha kuaga wenzao. Sisi tulifika, tukarusha na kutoka bila mtu kukanyagwa. Usalama huo ni neema kubwa, kwa sababu mtu anayehofia uhai wake hana moyo wa kumtaja Mola wake.

Sheikh alitusimamisha mahali ambapo Makka ilikuwa kushotoni kwetu na Mina kuliani, akatukumbusha kwamba hivyo ndivyo alivyosimama sahaba Ibn Mas'ud, ambaye kisha aliapa kwamba hapo ndipo aliposimama yule aliyeteremshiwa Suratul-Baqara, yaani Mtume. Talbia, yaani mwito wa "Labbayka" tuliokuwa tukiuleta tangu tulipohirimia, ilikoma kwa kijiwe cha kwanza. Sikutarajia kwamba ukimya wa talbia ungenigusa kama ulivyonigusa. Kwa siku tatu ulimi ulikuwa umezoea "Labbayka", na ghafla mwito umekwisha, umebaki utekelezaji, na utekelezaji wenyewe ni kokoto saba.

Hatua chache kutoka kwetu, kijana mmoja alivua kandambili yake akaivurumisha ukutani huku akitukana kwa sauti. Ndani ya hodhi, juu ya vijiwe, zilikuwapo kandambili nyingine na chupa za maji. Sikumlaumu sana yule kijana, maana uso wake ulionyesha ghadhabu ya kweli, na huenda alikuwa na machungu yake aliyoyabeba kutoka mbali. Lakini nilimhurumia, kwa kuwa amevuka nusu ya dunia na hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba kiatu si kijiwe, tusi si takbira, na kwamba kitendo alichokifanya hakikuhesabiwa hata kimoja katika saba. Huduma aliyoikosa haikuwa ya gharama. Ni saa moja ya mafunzo na ndoo ya plastiki.

Sasa nije kwenye kasoro, nayo ilianza mwezi 11. Siku hiyo na zinazofuata haji hurusha Jamra zote tatu, akianza na ndogo, kisha ya kati, kisha Aqaba, vijiwe 21 kwa siku. Sunna iliyothibiti ni kwamba baada ya Jamra ya kwanza mtu husogea mbele, akaelekea kibla, akainua mikono na kuomba dua kwa kirefu. Hufanya hivyo tena baada ya ya pili. Na baada ya Aqaba huondoka bila kusimama. Sahaba Ibn Umar alikuwa akifanya hivyo na kusema kwamba ndivyo alivyomwona Mtume akifanya. Kwa mtazamo wangu visimamo hivi viwili ndiyo roho ya siku za Mina. Kurusha kwenyewe hakuzidi dakika mbili. Ukiondoa dua, kinachobaki ni mwendo mrefu wa kwenda na kurudi chini ya jua.

Na dua ndiyo iliyoondolewa. Aliyebeba bendera ya kundi alikuwa ameagizwa kutupitisha bila kusimama, na kila tulipojaribu kujisogeza pembeni alipaza sauti, "Twendeni, twendeni, msikatike!" Askari nao walikuwa wakisema "Yalla, haji", na wao ninawaelewa, kwa sababu kazi yao ni kuhakikisha njia inatembea. Lakini pembeni, mbele kidogo ya Jamra ya kwanza, palikuwa na nafasi ya kutosha, na makundi mengine yalikuwa yamesimama pale yakiomba kwa utulivu bila kumzuia mtu. Mzee mmoja wa kundi letu aliinua mikono huku akitembea, shingo ameigeuza kuelekea kibla, akijitahidi kumaliza dua yake kabla bendera haijapotea machoni. Picha ile sijaweza kuisahau. Tulipomuuliza kiongozi jioni, alisema kwa unyoofu kwamba alihofia watu kupotea. Hofu hiyo ina msingi, ila ilikuwa na tiba nyepesi, kwa mfano kupanga mahali pa kusimama tangu hemani na kumpa kila mmoja dakika kumi.

Mwezi 12 ulileta jambo zito zaidi. Wakati wa kurusha katika siku za Tashriki, yaani mwezi 11 hadi 13, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, huingia kwa zawali, yaani jua linapopinduka, ambapo kwa Juni mjini Makka ni saa sita na dakika ishirini hivi mchana. Sisi tuliamshwa baada ya Alfajiri na kuelezwa kwamba tutarusha saa tatu asubuhi kwa kuwa mabasi ya kwenda Makka yamepangwa mapema. Wapo wanazuoni waliolegeza kurusha kabla ya zawali katika siku ya kuondoka, na mtu akifuata kauli yao akiwa anajua, sina la kumwambia. Malalamiko yangu ni kwamba hatukuelezwa. Sheikh wetu mwenyewe alikuwa ametufundisha kusubiri zawali, na taasisi ikageuza somo lake kwa tangazo la dakika moja kwa ajili ya ratiba ya magari, huku wengi wakiamini kwamba ndiyo hukumu pekee. Ibada isiyo na maelezo yanayoonekana kwa akili, kama hii, husimama juu ya wakati wake, idadi yake na mahali pake. Vitu hivyo vikianza kupangwa na mabasi, haji anabaki ameshika nini mkononi zaidi ya kokoto?

Ipo pia kasoro ya uwakilishi. Sheria inaruhusu mgonjwa, mzee asiyejiweza na wenye udhuru mfano wao kumpa mwingine vijiwe vyao, naye hujirushia vyake kwanza kisha vya wenzake. Kwetu, wanawake wenye afya njema walishawishiwa kubaki hemani na kuwapa waume zao vijiwe, kwa hoja kwamba kuna joto na msongamano. Wanazuoni waliolikataa hilo wameleta ushahidi unaonitosha: Bibi Sauda, mke wa Mtume, na wanyonge wengine waliruhusiwa kutangulia kutoka Muzdalifa usiku ili wasisongwe, lakini hawakuambiwa waache kurusha. Wachungaji wa ngamia nao walipewa ruhusa ya kurusha usiku. Mlango wa wepesi upo katika wakati, na kundi lingeweza kuwapeleka akina mama baada ya Isha, saa ambazo tulilikuta daraja lina nafasi na hewa imepoa. Yule mama wa safu ya mbele, aliyehangaika na nguvu za mkono wake, ni mmoja wa walioshawishiwa kubaki mwezi 11. Mwezi 12 alikataa. Alikwenda na wajukuu zake wawili wakimkinga kulia na kushoto, akarusha vijiwe 21 kwa mkono wake.

Kwa muhtasari wa bei na ahadi niseme hili tu: mkataba ulitaja "siku za Mina" bila kufafanua, na huduma ya kambi ilikatika mchana wa mwezi 12. Qur'ani katika Suratul-Baqara, aya ya 203, imewaondolea dhambi mwenye kufanya haraka kwa siku mbili na mwenye kukawia, kwa hiyo taasisi inayochukua mahujaji inapaswa kuyahesabu makundi yote mawili. Sisi tulioamua kukawia tulikuwa kumi na mmoja. Chakula tulijinunulia, na usafiri wa kurudi Makka tukajitafutia. Ningemshauri anayekusudia kwenda na taasisi yoyote aulize kabla ya kulipa: mtarusha saa ngapi mwezi 11 na 12, je, kuna nafasi iliyopangwa ya kusimama kwa dua, nani anaamua juu ya uwakilishi, na atakayebaki mwezi 13 atahudumiwa na nani. Majibu ya maswali hayo yatamweleza zaidi kuliko picha za hoteli. Kwa upande wa taasisi yetu, ningerudi nayo kwa ajili ya sheikh wake, kwa sharti kwamba mamlaka ya ratiba ya Mina yawe mikononi mwake.

Mwezi 13, baada ya jua kupinduka, tulikwenda kumi na mmoja bila bendera. Daraja lilikuwa na watu wachache kiasi kwamba sauti ya kokoto ikigonga ukuta ilisikika moja moja. Nilisimama mbele ya Jamra ndogo, nikasema takbira, nikarusha, nikasubiri kidogo, nikasema nyingine. Sheikh alisimama pembeni bila kusema neno. Kipo kisa cha sahaba Qudama bin Abdullah ambacho sheikh alitusimulia usiku ule wa ndoo, kwamba alimwona Mtume akirusha juu ya ngamia wake, hapakuwa na kupigwa mtu, wala kufukuzwa mtu, wala kuambiwa "pisha, pisha". Nilikielewa siku hiyo. Tukasogea mbele, tukaelekea kibla. Mzee aliyekuwa akiomba huku anatembea alikuwa mmoja wetu. Aliinua mikono yake akaanza kutaja majina, ya walio hai na waliotangulia, moja baada ya jingine, na hakuna aliyemharakisha.